Maswali ya Wasomaji: Nifunge Balbu za LED kwenye Fuso Langu?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaendesha Fuso linalobeba nyanya kutoka Ilula hadi soko la Ilala, na safari zetu nyingi ni za usiku ili mzigo ufike sokoni alfajiri. Taa zake za mbele ni zilezile za kiwandani, za balbu ya H4, na zimefifia kiasi kwamba nikiingia Mikumi ninaendesha kwa hofu ya kugonga mnyama. Fundi mmoja wa Gerezani amenishauri nifunge balbu za LED, lakini madereva wenzangu wanasema taa hizo zinawaumiza macho. Nimsikilize nani? (Dereva, Mbagala)

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wana hoja, ingawa fundi naye hajakosea kila kitu. Kabla hujatoa fedha yako, tafuta kwanza kwa nini taa hizo zimefifia, kwa kuwa hazikuwa hivyo gari lilipokuwa jipya. Balbu ya H4 ya volti 24 ina wati 75 za fulu na 70 za dimu, na hutoa mwanga wa kutosha kwa mwendo wa lori lenye mzigo, mradi umeme wote unaifikia. Katika magari ya umri huo, mara nyingi haufiki.

Mwambie fundi umeme apime volti injini ikiwa inaunguruma na taa zimewashwa, kwanza kwenye betri, kisha kwenye plagi iliyo nyuma ya balbu. Akikuta 28 kwenye betri na 25 kwenye balbu, usidhani tofauti hiyo ni ndogo, kwa sababu mwanga wa balbu ya halojeni, kama hiyo H4 yako, hushuka haraka zaidi kuliko volti, na hapo utakuwa umekwisha kupoteza karibu theluthi ya mwanga wako. Chanzo huwa ni erthi iliyoota kutu, plagi iliyoungua, au swichi iliyochakaa ambayo umeme wote wa taa unapita ndani yake. Dawa yake ni relei (swichi inayoamshwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa), fyuzi na waya mpya mnene unaotoka kwenye betri, ili swichi ibaki na kazi ya kuamsha relei tu. Kama kioo cha taa ni cha plastiki na kimekuwa cha manjano, kisuguliwe. Na kama riflekta, yaani bakuli la ndani linalorudisha mwanga mbele, imebanduka rangi yake ya fedha, badilisha taa nzima, kwa kuwa hakuna balbu itakayoiponya.

Sasa tuje kwenye LED yenyewe. Chukua balbu yako ya H4, ishike kwenye kitako bila kugusa kioo, uitazame mchana. Utaona nyuzi mbili, na chini ya ule wa mbele kuna kibati kidogo kilichobonyea kama kijiko. Uzi huo ni wa dimu, na kibati hicho huzuia mwanga usifike nusu ya chini ya riflekta, ambayo ingeurusha juu hadi machoni mwa anayekuja. Riflekta yote imechongwa kwa kutegemea uzi mwembamba uliokaa mahali hapo hasa. LED haina uzi, bali ina vipande vidogo vinavyotoa mwanga pande mbili, na vikisogea milimita chache tu, au balbu ikizungushwa vibaya kwenye holda, mwanga husambaa ovyo. Ndiyo maana Ujerumani, ilipoanza mwaka 2020 kuruhusu balbu ya LED ya Osram badala ya halojeni ya H7, aina nyingine ya balbu za mbele, iliiruhusu kwa aina za magari zilizoorodheshwa tu.

Jambo linalowadanganya madereva wengi ni kwamba LED hung'arisha sana lami iliyo karibu na bampa. Macho huzoea weupe huo, na giza lililo mbali, ambako ndiko nyati au mtembea kwa miguu atakakotokea, huzidi kuwa zito. Dereva anafurahia mwanga mkali ilhali hajaongeza umbali anaouona.

Kwa hiyo ninakusihi utengeneze umeme kwanza, uweke balbu mpya za halojeni zenye ubora, usafiri nazo, kisha ndipo uamue. Ukiamua kufunga LED, hakikisha imeandikwa kuwa inakubali volti 24, na usimruhusu fundi achukue volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili, kwani moja itabaki na njaa huku nyingine ikizidishiwa chaji, na zote zitakufa mapema. Kumbuka pia kwamba joto la LED hutokea upande wa nyuma, hivyo vumbi likiziba feni yake au mpira wa taa ukiibana, haitadumu. Chagua mwanga wa kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 4300 kuliko ule wa 6500 wenye ubluu, ambao huchosha zaidi macho ya wengine.

Kisha simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, uwashe dimu. Lazima uone mstari unaotenganisha mwanga na giza, na kwa lori ambalo taa zake ziko zaidi ya mita 1 kutoka ardhini, mstari huo ukae sentimita 15 hadi 20 chini ya kimo cha taa. Usipouona mstari, au mwanga ukitapakaa juu yake, zing'oe na uzirudishe dukani, hata kama bei yake inauma.

SWALI: Nimenunua Scania iliyotumika Ulaya. Balbu zake ni za kawaida, lakini kila ninayepishana naye ananiwashia fulu. Kuna nini? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Yaelekea taa zako zilitengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia. Taa za namna hiyo huinua mwanga wa dimu upande wa kulia ili kumulika ukingo wa barabara, na kwetu, tunaoendesha kushoto, upande huo ndio wa anayekuja. Piga mtihani uleule wa ukutani: mstari ukipanda kulia badala ya kushoto, jibu umelipata. Baadhi ya taa zina kijiti cha kugeuzia kwa ndani. Kama zako hazina, tafuta taa za gari lililotoka Uingereza, ambako nao huendesha kushoto.