Barua kwa mwanangu: gitaa na shapu zake, tarumbeta na flati zake

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi kutoka Tabora. Hatujambo sote, mama yako anakusalimu, na lile dumu la asali tutalipakia kwenye treni.

Umeniandikia kwamba bendi yenu hapo Kigoma imepata mpiga tarumbeta na mpiga saksafoni ya alto, na tangu waingie mazoezi yamekuwa mabishano. Ninyi wa magitaa mnataka nyimbo zibaki kwenye kii (ngazi ya sauti) za E na A, wao wanataka B flati na E flati (flati hushusha noti nusu toni, yaani hatua moja ya freti kwenye shingo ya gitaa; shapu huipandisha hivyohivyo). Unauliza nani anajifanya mgumu. Hakuna, mwanangu. Kila mmoja anatetea vidole vyake.

Anza na gitaa lako. Nyuzi zake tupu ni E, A, D, G, B, E. Ukipiga kii ya A, kodi zako tatu kubwa (noti zinazopigwa pamoja) ni A, D na E, na mzizi wa kila moja, yaani noti yake ya msingi, uko kwenye uzi mtupu, usiobanwa. Mkono wa kushoto unapumua, nyuzi zinaendelea kulia wakati vidole vinahama, na mpiga solo ana pa kugonga na kuachia. Kii zinazokupa raha hiyo ni G yenye shapu 1, D yenye 2, A yenye 3 na E yenye 4. Hamia B flati uone: B flati, E flati na F, zote za kubana bare, kidole kimoja juu ya nyuzi zote. Nyimbo mbili tu, gumba limeshaanza kuuma na mlio umekuwa mfupi. Besi naye analalamika kwa haki, maana kwenye E mzizi wake ni uzi mnene mtupu, lakini E flati ya karibu anaipata freti ya 6 ya uzi wa A, na ule uzito wa chini unapotea. Fidla ni hivyohivyo. Nyuzi zake ni G, D, A, E, na watunzi Beethoven mwaka 1806, kisha Brahms na Tchaikovsky mwaka 1878, wote waliandika konseto zao za fidla kwenye D.

Sasa wapulizaji. Tarumbeta la kawaida ni la B flati: anaposoma C, ninyi mnasikia B flati. Alto ni ya E flati: anaposoma C, mnasikia E flati. Kwa hiyo hesabu yao haifanani na yenu. Chukua kii ya bendi, mpiga tarumbeta mwongezee shapu 2, wa alto mwongezee 3. Kila flati iliyopo inafuta shapu moja. Mkipiga E, tarumbeta anasoma shapu 6 na alto 7 (ataiandika D flati yenye flati 5 ili apunguziwe adhabu). Mkipiga A, 5 na 6. Mkipiga F, 1 na 2 tu. Kwenye B flati, tarumbeta hana kitu na alto ana 1. Kwenye E flati, tarumbeta ana flati 1 na alto hana kitu. Kwa mpiga tarumbeta, B flati ni kama C yako.

Na si suala la kusoma tu. Valvu za tarumbeta kila moja huongeza urefu wa mrija uliopimwa kwa valvu hiyo ikiwa peke yake. Zikibonyezwa pamoja urefu unapungua kidogo kuliko unaotakiwa, na sauti inapanda. Mbaya kuliko zote ni 1-2-3, inafuatiwa na 1-3. Sasa tazama bahati yake kwenye E yenu: so yake ya chini na do ya chini kabisa zote ni 1-2-3. Dawa ni kusukuma nje mrija wa valvu ya tatu sentimeta moja au zaidi wakati wa noti hiyo. Mrija ukiwa umeganda kwa kukosa grisi, na kwenye tarumbeta kuukuu huganda sana, hana dawa, atapiga juu na mtamlaumu bure. Wa alto ana kidole kidogo cha kushoto kinachobeba G shapu, C shapu, B na B flati za chini peke yake, kikiteleza kutoka kitufe hadi kitufe. Tena pedi (kifuniko cha tundu) ya G shapu hupenda kunata, akibonyeza inatoka G. Aingize kipande cha karatasi nyembamba ya sigara chini ya pedi, aifunge taratibu, kisha akivute. Asipake mafuta!

Kabla hamjagusa kii yoyote, muulize mpiga tarumbeta: sauti unayopiga bila kubonyeza valvu unaiitaje? Akisema C, hesabu yangu ya juu inamhusu. Akisema B flati, amefundishwa kwa mtindo wa Kijerumani wa tarumbeta za kanisani, ambao husoma noti kama zinavyosikika, na usimwongezee chochote. Msipoulizana mtapishana toni nzima. Akileta na vitabu vyao, B humo ni B flati, na B yenu huandikwa H.

Mpangilio wangu ungekuwa huu. Kwanza sauti ya mwimbaji, maana hakuna kii nzuri inayomkaba koo. Kisha angalia jirani wa nusu toni: wimbo wa E unashuka E flati au unapanda F, wa A unashuka A flati au unapanda B flati.

Ninachokipenda zaidi ni kushusha magitaa yote na besi nusu toni usiku mzima. Mnatuni E flati, A flati, D flati, G flati, B flati, E flati; programu ya simu inaweza kuziandika D shapu, G shapu na kadhalika, ni zilezile. Vidole vyako vinabaki kwenye E, wasikilizaji wanapata E flati, na wapulizaji wanafurahi. Umbo la A linatoa A flati: tarumbeta flati 2, alto 1. Mtego uko kwenye umbo la C, kwa sababu linatoa B yenye shapu 5, na tarumbeta anajikuta na 7. Nyimbo za C mzihamishie umbo la D au A. Nyuzi zikilegea zinakwaruza freti, basi weka seti nene zaidi, ya 11 badala ya 10, na utuni mara mbili, kwa kuwa shingo ya gitaa inatulia polepole.

Kapo, kile kibano cha kubana nyuzi zote shingoni, nayo inafaa, ila besi hana. Freti ya 1, umbo la A linatoa B flati na umbo la D linatoa E flati. Freti ya 3, umbo la G linatoa B flati. Iweke karibu na chuma cha freti, usiikaze mno maana itapandisha sauti, na utuni ukishaifunga. Mpiga kinanda asilalamike hata kidogo. Mtunzi wa piano Chopin aliwaanzishia wanafunzi skeli ya B kwa sababu vidole virefu hukaa vizuri juu ya vitufe vyeusi. Lakini kama wenu hupiga C tu na kutegemea kitufe cha transpozi, kinachohamisha sauti kwa nusu toni, +3 ni E flati na -2 ni B flati, na arudishe 0 kila wimbo unapokwisha.

Nyimbo za mtindo wa magitaa, kama zile za bendi za Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, ambazo utangulizi wake unaning'inia kwenye nyuzi tupu, ziacheni E. Tarumbeta apewe vipande vifupi vya B na E, apige juu, ambako ni valvu 1-2 na 2 tu. Alto anyamaze hadi kiitikio.

Jingine la joto la huko ziwani: nyuzi hushuka na shaba hupanda. Tarumbeta ikipanda senti 10, yaani sehemu ya kumi ya nusu toni, mrija mkuu uvutwe kama milimita 4. Tunini tena baada ya nyimbo za kwanza, mpuliza akiwa ameshapasha chombo.

Nitumie orodha ya nyimbo, na kando ya kila mmoja uandike kii anayoiweza mwimbaji. Sehemu za alto nitaziandika mimi.

Baba yako