Ushahidi wa Iago uko wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, mwaka wa pili. Nimesoma tanzia ya Othello ya Shakespeare mara mbili na sijaona ushahidi wowote anaoutoa Iago, ofisa wa Othello, kabla Othello hajaanza kumshuku mkewe Desdemona kwamba si mwaminifu. Ni mbinu gani ya lugha iliyomshinda jemadari mzima? Na je, kudanganyika huko hakuoneshi kwamba hakumpenda Desdemona kwa dhati?

JIBU: Marahaba. Hujauona kwa sababu haupo, na Iago mwenyewe anakiri hivyo. Katika Onesho la 3 la Tendo la 3, anapomwambia Othello amchunge mkewe anapokuwa na Cassio, luteni wa Othello, anatanguliza kwamba bado hasemi habari za ushahidi. Kauli hiyo, ambayo ingepaswa kumwangusha, ndiyo inayomfanya aonekane mtu makini asiyependa kumsingizia mwenzake.

Rudi nyuma kidogo katika onesho hilohilo. Cassio anaachana na Desdemona, na Iago ananong'ona kwamba halipendi jambo lile. Akiulizwa amesema nini, anajibu kwamba si kitu, au labda, hata hajui. Baadaye Othello anauliza kama Cassio si mwaminifu, naye anamrudishia neno lake: "Mwaminifu, bwana wangu?" Anaulizwa anafikiri nini, anajibu: "Nafikiri, bwana wangu?" Huo si uongo, wala si habari. Ni mwangwi, na Othello anautambua kuwa mwangwi, ila anaamini kwamba nyuma yake kumefichwa dubwana la kutisha lisilofaa kuoneshwa. Kuanzia hapo yeye ndiye anayebembeleza aambiwe. Mfitini wa kawaida hukimbilia kutia maneno. Huyu anayazuia mpaka aombwe. Uongo wa wazi, kama kisa cha Cassio kuota usingizini akimtaja Desdemona, unakuja baadaye, wakati msikilizaji tayari ana kiu nao. Tafadhali zingatia mpangilio huo, kwa maana insha nyingi ninazosahihisha huanza na leso (ile ya mkononi yenye nakshi za stroberi, zawadi ya Othello kwa mkewe ambayo Iago anaigeuza kuwa ushahidi wa uongo; si ile ya kujifunga), ilhali leso inaingia Othello akiwa ameshajeruhiwa.

Kuhusu swali lako la pili, sikubaliani nawe. Mbele ya baraza la Venice, katika Tendo la 1, Othello anaeleza jinsi mapenzi yao yalivyoanza: alisimulia vita, utumwa na safari zake, Desdemona akasikiliza, akampenda kwa hatari alizozipitia, naye Othello akampenda kwa kuwa alimhurumia. Yalikuwa mapenzi ya kweli, lakini yalijengwa kwa masimulizi, na usiku uleule ndoa yao ilipojulikana Othello aliamriwa kuondoka kwenda Cyprus. Hawakupata muda wa kuzoeana. Isitoshe, Othello ni mgeni Venice, na Iago anajifanya mwenyeji anayemfasiria tabia za wanawake wa huko, kisha anamkumbusha kwamba Desdemona alimdanganya hata baba yake. Onyo hilo lilikwisha kutolewa na baba huyo mwenyewe, Brabantio; Iago analiazima tu. Kama Othello asingempenda mkewe, maneno hayo yasingemwuma, na Iago analijua hilo vizuri, kwani anasema anayeteseka ni yule anayependa kupita kiasi huku akishuku.

Kwa kazi yako ningependekeza ufuatilie wanyama. Tangu mwanzo Iago ndiye anayewataja, anapomwamsha Brabantio kwa picha ya kondoo dume mweusi, akimaanisha Othello. Othello katika Tendo la 1 huzungumza kwa ushairi mpana, uliotulia. Katika Tendo la 3 Iago anawataja mbuzi na nyani ili kuchora uzinzi usioonekana. Katika Tendo la 4, baada ya kumpiga mkewe mbele ya Lodovico, mjumbe kutoka Venice, Othello anaondoka akipaza sauti: "Mbuzi na nyani!" Lodovico hajui maneno hayo yametoka kinywani mwa nani, lakini sisi tunajua. Mapema katika onesho hilohilo ushairi wake ulikuwa umevunjika ukawa nathari ya vipande vipande, leso na kukiri vikirudiwa bila mpango, mpaka akaanguka na kupoteza fahamu. Ukipanga vifungu hivyo kwa kufuatana, utapata ushahidi unaoutafuta: si dhidi ya Desdemona, bali wa lugha ya mtu mmoja kuhamia kwa mwingine.