Jibu: Plasta ya simenti na roshani ya zege, Mji wa Kale, Mombasa

Ndugu, umeuliza kama unaweza kupiga plasta ya simenti ukuta wa mbele wa nyumba yako ya zamani na kuweka roshani ya zege badala ya ya mbao, na kama kibali kinahitajika. Kibali lazima, hata kama ni ukuta wa mbele tu. Anzia ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kisha serikali ya kaunti. Peleka picha za sasa, mchoro wa uso wa nyumba ulivyo na utakavyokuwa, na majina ya vifaa.

Simenti iache. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya unyevu; ukiuziba, chumvi hubabua plasta na vichwa vya boriti huoza ukutani, kimya kimya. Tumia chokaa iliyozimwa (iliyokwisha kutiwa maji), kipimo 1 kwa mchanga vipimo 3, mchanga usiwe wa pwani. Roshani? Badilisha mbao zilizooza tu. Zege sahau.