Nani anachora madoa ndani ya maji ya kijani? Maswali na majibu

Swali: Darasani tulikuza mwani mdogo wa kijani. Tulipotikisa chombo na kukiacha kitulie, rangi ilijigawa madoa na michirizi. Nini kinaipanga?

Seli zenyewe, bila kiongozi. Klamidomonasi, kwa mfano, mwani wa seli moja, ina ukubwa wa takribani mikromita 10 na mijeledi miwili, yaani mikia myembamba ya kuogelea. Huogelea kwenda juu, ingawa ni nzito kuliko maji kwa takribani asilimia 5. Zikijazana juu, tabaka lile hulemea la chini yake na kuporomoka kwa michirizi. Kisha seli hupanda tena, na mzunguko hauishi.

Kinachonivutia zaidi ni alichoonyesha John Kessler wa Chuo Kikuu cha Arizona mwaka 1985. Seli hizi ni nzito upande wa nyuma, ndiyo maana mbele huelekea juu. Mkondo ukizipindua, huelekea pale maji yanaposhuka. Zinazoingia humo huongeza uzito, mkondo hushuka kwa kasi zaidi, na nyingine nyingi huvutwa. Doa hujilisha lenyewe.

Swali: Seli zikifa, je?

Zinazama chini na madoa yanatoweka. Yanahitaji waogeleaji hai.

Swali: Bakteria nao hufanya hivyo?

Ndiyo. *Bacillus subtilis* hufuata oksijeni juu ya maji, hurundikana, kisha huporomoka vivyo hivyo. Wakisongamana sana, husukumana hadi maji yajae mizunguko midogo inayozaliwa na kufa, na hapo uzito hauhusiki tena. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walipima maji yenye bakteria *E. coli* wengi wanaoogelea, wakakuta mnato wake (ukinzani wa maji kutiririka) umeshuka hadi kukaribia sifuri, kwa sababu bakteria wanasaidia kazi ya kuyasukuma maji.

Swali: Haya ni ya maabara tu?

La hasha. Ziwa Cadagno, kwenye milima ya Alps nchini Uswisi, lina bakteria wa zambarau, *Chromatium okenii*, wanaoishi kwenye kina cha takribani mita 12. Hupanda kuufuata mwanga, lakini juu yao kuna oksijeni wasiyoitaka, basi hurundikana hapo na kulifanya tabaka lao kuwa zito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kushuka na kupanda kwao huchanganya tabaka la maji lenye unene wa hadi takribani mita 1, mahali ambapo maji yangetarajiwa kutulia kabisa.