Dada wa Kyeshero, usingoje minervali: rudi kwa munganga tarehe aliyokupa

Dada, hapana. Nimesoma swali lako hapa sokoni, nikamwacha mteja amesimama na kitenge mkononi. Unasema munganga wa meno amekusafisha mizizi ya jino la nyuma, chini kushoto, akaweka dawa nyeupe ndani, akafunga juu kwa plombaje ya muda na kukuambia urudi baada ya siku 14. Sasa maumivu yamekwisha, minervali ya watoto, yaani karo ya shule, inakungoja, na unauliza kama unaweza kukaa miezi mitatu kwanza. Tena unauliza habari ya kofia ya jino: ya chuma au ya porseleni, ipi ni nzuri na ni bei gani. Kofia inavikwa jino. Ukikaa miezi mitatu, huenda hilo jino la kuvikwa usiwe nalo.

Mimi nilikaa miezi tisa.

Ilikuwa mwezi wa tano 2021, hapa hapa Goma. Jino langu lilikuwa hilo hilo la nyuma, la chini. Usiku nilikuwa nalala nimekaa, shavu nimelishika na kitambaa cha maji baridi. Munganga aliyenipokea alifanya kazi yake vizuri, na hilo nalisema wazi. Alinivisha karatasi ya mpira ili mate yasiingie kwenye jino, akatoa mshipa uliooza, akaosha mifereji kwa maji yenye harufu ya javeli, polepole, mfereji kwa mfereji. Kwangu ilikuwa mitatu. Kisha akaingiza dawa nyeupe laini kama chokaa iliyokorogwa, akafunga juu. Akaniambia: “Mama, hii ni pansema tu, ya kufunikia kwa muda. Kazi haijaisha. Rudi Jumanne tarehe 25.”

Jumamosi tarehe 22 jioni, volkano ya Nyiragongo ikalipuka. Wenye kuniita mzembe wakumbuke siku zile: ardhi ilikuwa inatikisika usiku na mchana, na Alhamisi tarehe 27 tuliambiwa tuhame. Wengine walikwenda Sake kwa miguu na magodoro kichwani, wengine wakavuka Rwanda, mimi nilipanda boti na watoto wawili mpaka Bukavu. Ni nani angekumbuka jino? Halikuwa linauma hata kidogo.

Lakini Bukavu nilikumbuka. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na hilo sitalisingizia volkano. Bukavu kuna wanganga wa meno. Mimi nikaenda farmasi, kwa sababu ilikuwa karibu na nyumba tuliyopokelewa na kwa sababu nilitaka mtu aniambie kwamba hakuna haraka. Bwana wa farmasi akanifungulisha kinywa, akamulika na tochi ya simu yake, akasema: “Mama, hii imeshakauka, imekuwa kama simenti. Hailii tena, maana yake imepona. Dawa inaendelea kutibu yenyewe pole pole.” Akaniuzia amoksisilini ya siku tano. Nikamshukuru! Nikalipa!

Mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka. Yule bwana hakujua kitu, na badala ya kusema “sijui, nenda kwa munganga wa meno”, alinipa jibu tamu. Hakuna hata neno moja alilosema lililokuwa kweli. Nimekuja kuelezwa baadaye, kwa gharama, na nitakueleza wewe bure.

Jino halilii kwa sababu mshipa wake umetolewa. Kilichokuwa kinapiga kelele hakimo tena. Usaha uliokuwa umebanwa chini ya mzizi ulipata njia ya kutoka siku jino lilipofunguliwa, ndiyo sababu ukapata nafuu siku ile ile. Wadudu waliobaki kwenye kona za mifereji, pale ambapo sindano ya munganga haifiki, wale ndio dawa nyeupe imewekwa kupigana nao. Inaitwa haidroksidi ya kalsiamu, na ni kali kweli, pH yake, kile kipimo cha asidi na alkali, inafika 12.5, wadudu wengi hawaishi humo. Inahitaji kama wiki moja kufanya kazi yake sawasawa. Hata hivyo si mlinzi wa milele. Majimaji ya mwilini yanaifikia kwa chini, inayeyuka kidogo kidogo, ukali unapungua.

Na juu je? Juu kuna kile kifuniko laini unachoweza kukikwaruza kwa ukucha. Unene wake ni milimita tatu, nne hivi. Kimetengenezwa kwa kukaa wiki chache, si kwa kutafuna bugali kila siku mpaka mwaka uishe. Kinalika, kinaachana na ukuta wa jino, na mate yanaingia bila wewe kujua. Mate yakiingia, wadudu wapya wanaingia nayo, na kazi yote munganga aliyoifanya kwa saa nzima inarudi sifuri. Hiyo amoksisilini niliyomeza haingeweza kusaidia kitu mle ndani: dawa ya kumeza inasafiri na damu, na jino lililokufa mshipa halina damu inayoingia.

Kuna kingine ambacho hakuna mtu aliyeniambia mapema. Dawa hiyo hiyo ikiachwa miezi ndani ya jino, inaweza kulidhoofisha jino lenyewe. Majaribio ya maabara yameonyesha dentini, ile sehemu ngumu ya ndani ya jino, inapoteza nguvu ikikaa nayo zaidi ya mwezi hivi. Kuna wakati munganga mwenyewe anaamua kuiacha kwa muda mrefu, kwa mfano kwa mtoto ambaye mzizi wa jino lake haujafunga, lakini hapo yeye ndiye anayefuata, anaita, anapiga radio (ile picha ya kuonyesha mizizi), anabadilisha. Kuamua hivyo ni kazi yake yeye. Si ya farmasi, wala si yangu na wewe.

Basi nikarudi Goma mwezi wa sita, maisha yakaanza upya, soko, watoto, kodi ya nyumba. Mwezi wa kumi ulimi wangu ukaanza kukuta kishimo. Asubuhi kinywa kilikuwa na ladha mbaya, nikabadilisha dawa ya mswaki. Halafu kwenye fizi, chini ya lile jino, kikatoka kipele kidogo kama punje ya mtama. Kilikuwa kinapasuka chenyewe, kinatoa kitu cha chumvichumvi, kinafunga, baada ya wiki kinarudi. Hakikuuma. Dada, hicho kipele ukijue: ni usaha umejichimbia barabara kutoka kwenye mzizi mpaka nje. Hauumi kwa sababu una pa kutokea. Mimi nilikuwa nakibonyeza kwa kidole, nasukutua kwa maji ya chumvi, naendelea.

Mwezi wa pili 2022, nikiwa nakula maharage. Maharage yaliyoiva, si mfupa, si mahindi ya kuchoma. Nikasikia “ta!” ndani ya kichwa, kama kijiti kikavu. Nikatema mkononi kipande cha jino cheupe kwa nje, cha kijivu kwa ndani. Kilichobaki kilikuwa kinacheza sehemu mbili, moja huku, moja kule. Nikarudi kwa munganga yule yule wa kwanza. Hakunigombeza. Alipiga radio, akanionyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi na ufa uliokuwa umeshuka mpaka chini, akasema kwa ufa kama huo hakuna dawa wala kofia, ni kung’oa. Siku ya tarehe 25 nilikuwa nimebakiza malipo ya kumalizia mifereji tu. Nikaishia kulipa kung’olewa, na pengo ninalo mpaka leo, natafuna upande mmoja.

Sasa sikiliza vile utafanya. Tarehe uliyopewa ndiyo hiyo. Haijalishi unasikia maumivu au husikii. Kama pesa hazijatimia, nenda siku hiyo hiyo ukamwambie munganga ukweli: “Sina zote.” Wengi wanakubali ulipe kidogo kidogo, na hata akishindwa kumaliza, atafungua, ataosha, ataweka dawa mpya na kufunga vizuri zaidi. Hilo ni bei ndogo kuliko jino. Kile kifuniko kikidondoka kabla ya tarehe, hata kipande tu, usingoje tarehe, nenda kesho yake.

Na usitoke pale bila karatasi. Hii naisema kwa sababu tunaishi Goma, na sisi tunajua mtu anavyoweza kulala nyumbani na kuamka kwa watu. Mwombe akuandikie ni jino gani, ameosha mifereji mingapi, ameweka dawa gani, siku gani. Iweke pamoja na kadi ya uchaguzi na vyeti vya watoto, kwenye ule mfuko unaoubeba kwanza ukiambiwa kimbia. Ningekuwa nayo Bukavu, munganga yeyote wa kule angeendelea pale mwenzake alipoachia, na mimi nisingekuwa na sababu ya kukimbilia tochi ya simu.

Minervali naielewa, nina wawili shuleni. Nenda kwa direkta uombe wiki mbili. Shule inaweza kukungoja wiki mbili.

Hukuandika tarehe yako ni ipi. Iandike hapa leo hii. Kama ni wiki hii na unaogopa kwenda peke yako, niambie, nitamwachia mdogo wangu meza nikusindikize.