Hilux si mke mwenza

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38, nimeolewa miaka 14 na tuna watoto watatu. Tunaishi Makambako. Mume wangu ana Hilux ya dizeli, ya usajili wa zamani wa namba A, aliyoinunua kabla hajanioa. Anabebea viazi vya watu kutoka mashambani hadi barabara ya lami. Kila mwezi gari hilo lina jambo: leo klachi, kesho nozo za kupulizia dizeli, keshokutwa springi. Mwezi uliopita lilichemsha likipanda mlima na mzigo. Tangu siku hiyo maji yanapungua, hatuoni yanapovujia, na linatoa moshi mweupe. Kaka yangu alileta fundi wake, akasema injini imekufa, kuifungua yote na kuisuka upya ni shilingi milioni 3.5. Kaka ana mteja wa kulichukua hivyo hivyo kwa milioni 5. Nimemwambia mume wangu tuuze, tujazie taratibu tupate Toyota IST, kigari kidogo cha familia, watoto nao wapande gari kama watu. Hajibu. Jioni anakwenda kukaa ndani ya hilo gari peke yake. Kadi ya gari ninayo mimi. Shangazi, huyu mwanaume anapenda chuma kuliko mke. Nifanyeje?
Mama Nimechoka, Makambako

Marahaba, mwanangu. Pole. Gari bovu nyumbani ni kama mgonjwa ambaye hakuna anayejua anaumwa nini, kila siku anadai hela ya dawa tu. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimhurumia mke. Mara ya pili nikamwona kaka. Mara ya tatu nikaiona kadi.

Tuanze na kaka. Fundi ni wa kaka. Mteja ni wa kaka. Aliyesema injini imekufa ni huyo fundi, na anayeitaka maiti kwa milioni 5 ni huyo mteja. Mwanangu, umeuza dukani wewe? Mtu hatoi milioni 5 kununua injini iliyokufa mpaka awe anajua jambo ambalo wewe hulijui. Sisemi kaka yako ni mwizi. Nasema daktari aliyekuja na jeneza ni wa kuogopwa.

Sasa rudia maneno yako mwenyewe: lilichemsha, maji yanapungua, hayaonekani yanapotokea, moshi mweupe. Mimi si fundi, lakini nimeishi na fundi miaka 31. Injini iliyochoka pistoni na ringi inakula oili, na moshi wake ni wa bluu. Nozo zikiwa mbovu moshi huwa mweusi. Moshi mweupe pamoja na maji yanayopotea ni habari ya juu, kwenye hedi, yaani kile kifuniko kizito cha juu ya injini, au gasketi inayokaa chini yake. Injini hizi za dizeli zikichemshwa na mzigo mgongoni, hedi hupinda, na mara nyingine hupasuka. Ni ugonjwa, tena wa gharama, ila si kifo. Hedi hushushwa, ikapelekwa kwa wenye mashine, wakaipima kwa presha kama ina ufa. Ikiwa imepinda tu wanaisawazisha, inarudi na gasketi mpya. Ikiwa imepasuka mnatafuta nyingine. Huko chini pistoni zako huenda hazijui hata kama kuna msiba.

Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, nasema baridi maana sitaki kukuua, mwambie mumeo afungue kifuniko cha rejeta, ajaze maji, awashe. Simama naye pembeni. Maji yakianza kutokota mapovu kabla hayajapata hata uvuguvugu, mmeona. Kisha mchomoe kile kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mmeona tena, na hapo msiliwashe zaidi, hata kwa kulisogeza uani. Halafu mtafuteni fundi ambaye hamjui kaka yako na hajui kama mnataka kuuza.

Na ndani ya barua yako kuna kitu hakipo. Umeorodhesha klachi, nozo na springi, wala hukuandika mstari mmoja kuhusu kinachoingizwa na gari hilo. Watoto watatu, miaka 14, mnaishi, mnakula, na wewe una nguvu ya kuota IST. Ada ilitoka wapi? Ilianguka kwenye mnazi? Huko kwenu hata minazi hakuna. Gari linalobeba viazi msimu mzima kwenye tope la nyanda za juu lazima livunje springi. Springi ni gharama ya kazi, kama mkaa kwa mchoma mahindi. Mchoma mahindi halii kwamba mkaa umeisha, analia mahindi yakidoda.

Nunua daftari la mistari. Upande mmoja andikeni gari liliingiza nini kila mwezi tangu Januari, upande wa pili limekula nini. Kama spea zinameza zaidi ya nusu ya kinachobaki baada ya dizeli, rudi kwangu tuongee lugha nyingine. Umesema kila mwezi kuna jambo. Sikatai. Nataka kuona jambo la shilingi ngapi.

Nitakwambia kwa nini nakuwa mkali. Marehemu mume wangu alikuwa na Peugeot 404 pikapu. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda Safari Rally kwa 404 mwaka 1966 na akarudia 1967, na mume wangu aliendesha lile letu kama vile ndilo lenyewe. Likaanza kuchemsha. Nikasema limezeeka, linanitia aibu kanisani, liuzwe. Nilisema mwezi mzima, mpaka mezani ugali ukawa hauliki. Akaliuza kwa bei ya kuku. Mnunuzi alibadilisha gasketi, akapaka rangi ya kijani, akalitumia miaka tisa kubeba matofali, tena akipita mbele ya nyumba yangu. Nilikuwa nalijua kwa honi. Mume wangu alikuwa akilisikia anainua kichwa kwenye gazeti, kisha anakiinamisha. Hakunisema hata siku moja. Bora angenisema.

Ndiyo maana nikisoma kwamba mumeo anakaa jioni ndani ya gari, sioni mapenzi ya chuma. Kazi yake imesimama, shemeji anapitapita na mteja, mke ameshika kadi. Ulitaka akae wapi, sebuleni?

Na hiyo kadi. Hukuulizwa habari za kadi, umeitaja mwenyewe. Ndoa za siku hizi zina ugonjwa huu, na siwasemi wanawake peke yao: kila mtu kashika kikaratasi cha mwenzake. Huyu kaficha kadi ya gari, yule kaficha hati ya kiwanja, simu zina namba za siri kama benki kuu. Harusi inachangiwa na mji mzima, msafara unakodiwa magari meupe saba kwa saa mbili, kitchen party bibi harusi anapewa masufuria ya kupikia kijiji, na hakuna shangazi hata mmoja anayemfundisha kukaa na mumewe na daftari katikati. Wakishagombana wanaita ndugu. Ndugu anakuja na fundi. Sisi zamani hatukuwa malaika, ushahidi nimeutoa hapo juu, lakini siku hizi mmezidi. Ngoja nirudi, chai yangu inapoa.

Mumeo naye nitamsema, asije akaikata safu hii na kuibandika kwenye dashibodi. Kukaa kimya si jibu. Mwanaume anayejua gari lake kuliko watu wote alipaswa kusema: hapa tatizo ni hedi, itagharimu kadhaa, nitapata hela mahali fulani, likirudi bovu ndani ya miezi mitatu nauza. Hakusema, ndiyo maana pengo hilo kaka amelijaza.

Kuna hali moja ambayo hata mimi nitasema uzeni. Injini hubadilishwa, hata ya mtumba ipo, mradi mkaripoti TRA, mamlaka ya mapato, maana namba ya injini imeandikwa kwenye kadi uliyoificha. Chasisi ni mfupa wa mgongo. Mwambieni fundi mpya aingie chini na bisibisi na nyundo, agongegonge, hasa pale springi zinapofungwa. Bisibisi ikizama kwenye kutu, au kuna ufa umeshachomewa mara mbili tatu, msiweke hata shilingi kwenye hedi. Likiwa zima chini, mshauri wa kuuza ni adui yenu.

IST sahau kwa sasa. Ni gari zuri la kwenda kipaimara, ila halitapanda na viazi kutoka Uwemba masika. Na kama kaka atabadilisha wimbo aseme mnunue kirikuu, kile kipikapu kidogo cha Kijapani, mwambie injini yake ni cc 660 na Wajapani walikitengenezea mzigo wa kilo 350. Hayo ni magunia matatu halali, na kwa lumbesa za kwenu huko, yale magunia yaliyojazwa kupita kipimo, ni mawili na dereva anasali.

Leo jioni usimsubiri ndani. Chukua vikombe viwili vya chai, fungua mlango wa abiria, ingia ukae. Kadi iweke juu ya dashibodi, usiseme chochote kuhusu hiyo kadi. Muulize tu: hivi siku ile lilipochemsha, mshale wa joto ulipanda ghafla au taratibu? Atakuelezea mpaka chai iishe.

Na kaka mpigie wewe mwenyewe. Mwambie kama mteja wake bado yupo, aje mchana, mumeo akiwepo, na amlete yule fundi aeleze tena, mbele ya fundi mwenzake, moshi mweupe unaua vipi injini.