Umeonyeshwa karata tano, usitume hela bado

Juzi msomaji wangu wa Mbagala kaniandikia: "Dada, kuna seti ya taroti nimeiona mtandaoni, inaniita kabisa. Nitume hela?" Taroti ni zile karata za picha tunazosomea bahati. Nikamuuliza, umeona karata ngapi? Tano. Nikampigia simu palepale, maana tano ndizo zilizoniponza mimi.

Nilikuwa nasuka nywele Sinza, nikajibana miezi minne hadi nikapata hela ya seti niliyoiota usiku na mchana. Muuzaji alionyesha Mwezi, Nyota, Mnara, Wapenzi na Jua. Rangi zake, jamani! Mzigo ulipofika nilishindwa kungoja, nikaufungulia ndani ya daladala. Zile tano zilikuwa kama nilivyoziona. Nikafika kwenye Tatu ya Panga: panga tatu zimepangwa kama visu kwenye droo, basi. Kumi ya Panga? Panga kumi. Nilikunja boksi, machozi yananilenga, na abiria wananitazama.

Mimi nimejifunzia michoro ya Pamela Colman Smith, seti aliyomchorea Arthur Waite, mwandishi wa mambo ya siri, ikatoka London mwaka 1909. Humo kila karata ndogo, zile za namba, ina tukio lake. Tatu ya Panga ni moyo umechomwa huku mvua inanyesha. Mimi nasoma tukio. Seti za mtindo wa Marseille (jina la mji wa Ufaransa), kama ile niliyouziwa, ndogo zake unazihesabu tu, kama saba ya kopa au tatu ya jembe. Ni mtindo wa zamani wenye wataalamu wake, ila haukuwa wangu, na muuzaji hakuonyesha ndogo hata moja. Nilipolalamika akanijibu, "Picha si uliziona?" Mpaka leo inaniuma.

Taroti ina karata 78: kubwa 22, zile kama Mwezi na Jua, na ndogo 56. Kubwa ni nyama iliyopangwa juu ya sinia. Wewe omba kuuona wali. Tafuta video ya mtu anayezifunua moja moja, isimamishe, tazama. Angalia na vidole vyake: karata ikimshinda kuchanganya yeye, wewe mwenye kiganja kidogo utaweza? Bando litaisha, liishe. Bando ni bei rahisi kuliko majuto.

Mimi huanza na Tano ya Vikombe. Kwa Pamela, mtu wa joho jeusi ameinamia vikombe vitatu vilivyomwagika, na nyuma yake viwili vimesimama. Mchoraji wa seti ya aina hiyo akivisahau vile viwili, sinunui, hata rangi ziwe za peponi. Wiki iliyopita nimepokea seti ambayo nilishaziona zote 78 kabla ya kutoa shilingi, na nimeifungua kwa utulivu, mezani kwangu.

Na jamani, acheni kopi. Seti mpya inauzwa robo ya bei, karatasi laini, badala ya kijitabu umewekewa msimbo wa kuskani: hiyo mara nyingi imeibwa, na aliyeichora hapati kitu. Pamela mwenyewe alifariki mwaka 1951 akiacha madeni. Sisi tunaotaka karata zituambie ukweli tuanze kwa kumlipa mchoraji.

Jana usiku yule mdogo wangu wa Mbagala kanitumia picha aliyomwomba muuzaji. Tano ya Vikombe. Viwili vimesimama nyuma, kimoja kina ufa. Tumemwambia atume na Tatu ya Panga.